Mgonjwa Hafungi kwa Amri ya Simu

Mimi ni Wahab, nafanya kazi kiwandani hapa Jinja. Ramadhani natoka kazini nimechoka, nataka futari na usingizi tu. Mwaka huu nyumbani Walukuba nilikuta fujo.

Mke wangu Nulu ana ugonjwa wa sukari. Daktari alimkataza kufunga. Lakini binti yetu Habibah aliona video.

"Mama, shekhe anasema anayeacha kufunga kwa ajili ya dawa amekufuru!"

"Shekhe gani?" nikauliza.

"Wa kwenye simu, Baba. Ana ndevu nyingi."

"Hata mbuzi ana ndevu!"

Nulu akanigeukia. "Baba Habibah, mtoto huyu alishinda mashindano ya Kurani kule Mbale. Wewe ulishinda nini?"

Nulu akaacha dawa, akafunga.

Haikupita wiki, akaanguka bombani. Banange! Tulimkimbiza hospitali kwa boda, nikidhani nampoteza. Alipopata nafuu, nilimwita jirani yetu Sofia, mwalimu wa madrasa.

Sofia hakugomba. "Habibah, nisomee aya ya Ramadhani katika Suratul Baqara, ile inayomtaja mgonjwa."

Habibah akasoma kwa sauti tamu, bila kosa.

"Maana yake?"

"Sijui, Mwalimu. Tulihifadhi tu."

Hasira zikanipanda. "Miaka yote hiyo ya madrasa! Asiyejua maana haambiwi maana!"

"Huyu ataambiwa, Bwana Wahab. Na kosa ni letu pia, sisi walimu." Akamgeukia Habibah. "Aya inasema mgonjwa ale, alipe siku nyingine akipona. Mwenye ugonjwa usiopona hulisha maskini. Ukiona video, uliza: huyu ni nani? Amesoma wapi? Dalili yake, yaani ushahidi wa Kurani au hadithi, iko wapi? Kisha njoo kwa mwalimu wako. Mambo ya dawa, muulize daktari."

Siku hizi madrasa inafundisha maana pia. Kila Jumamosi vijana huleta video zao, wanazichambua na Sofia. Nyingine ni upuuzi mtupu, haki ya Mungu!

Jana mchana Habibah, mwenyewe amefunga, alimpikia mama yake uji. Akamletea na dawa. Nulu akasita, anaona haya kula mbele ya mtoto.

Habibah akaisoma ile aya, akatoa na maana: Mungu anatutakia wepesi, hatutakii uzito.

"Kula, Mama," akasema, machozi yanamtoka. "Nilikaribia kukuua kwa jambo nisilolijua."

Nulu akala.