Nukta ya Yazid

Rafiki yangu Yazid, muuza sanda wa Tabata, hana woga. Wa kumzidi ni mie tu. Magharibi moja alipeleka sanda Mbagala kwa pikipiki. Marehemu alishaoshwa, kaburi limechimbwa, ikisubiriwa nguo tu. Bi Zubeda, mfiwa, alimtumia lokesheni, naye akamrushia yake ili wamwone anavyokuja.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Simu ikamwambia akate kushoto. Kushoto kulikuwa makaburini.

"Kata wewe," Yazid akaijibu, akanyoosha, akaulizia njia mpaka akafika.

"Shikamoo, mama. Sanda hii hapa."

"Marahaba." Bi Zubeda alikuwa anatazama simu yake. "Mbona huku unaonekana umesimama makaburini?"

Yazid akacheka. "Setilaiti hizo, mama. Simu inapima mawimbi ya kama setilaiti nne yanachukua muda gani kufika, ndipo inajua ulipo. Yakigonga ukuta, inabahatisha." Akazima simu yake kabisa, wafiwa wote wakimwona.

Kwenye simu ya Bi Zubeda, nukta ya kumwonyesha Yazid ikaanza kutembea. Ikatoka makaburini, ikashika uchochoro wa kuja pale.

Watu wakaanza kurudi nyuma. Yazid akawapa sanda. "Nendeni ndani mkamvishe marehemu wenu. Huyo anayekuja niachieni mie." Akakaa kizingitini.

Gizani ikaja pikipiki yenye eksozi iliyotoboka, mlio uleule wa pikipiki ya Yazid, na ya Yazid imeegeshwa mbele yake, funguo kiganjani. Ikazimwa mlangoni. Kisha sauti ya Yazid, kutoka nje, ikapiga hodi.