Hakuagwa

Jioni ile nilitoka kumtafuta ng'ombe. Ninaye mmoja tu, Ciarag, na bila maziwa yake theluji ingenikuta hai na kuniacha maiti. Bonde zima nimebaki peke yangu. Jirani yangu wa mwisho, Oighrig, alipanda meli na wanawe. Aliniachia paka. Paka naye akafa.

Ukungu ulishuka. Nikaita. Kimya...

Kisha nikasikia harufu. Beberu aliyelowa.

Ciarag alikuwa uani kwa Oighrig, kasimama kama gogo. Kando yake, kwenye jiwe lenye kishimo, mbuzi wa kijivu alikuwa akilamba. Ukungu ukapita katikati yetu.

Hakuwa mbuzi.

Mwanamke. Gauni la kijani mpaka chini, nywele zinachuruzika maji, mkono kaukaza kwenye pembe ya ng'ombe wangu.

Nilimjua: ni yule pepo anayelinda mifugo ya nyumba ile. Kila jioni Oighrig alimmiminia maziwa kwenye jiwe lile, kama walivyofanya bibi yake na mama yake, ili mifugo isidhurike. Na kwetu ukihama, unamuaga. Oighrig aliaga hata makaburi. Ila huyu alimsahau.

"Wako wapi?" alinong'ona.

"Wamevuka bahari."

"Watarudi lini?"

"Hawarudi. Mwachie ng'ombe wangu."

"Jiwe limekauka, jirani."

"Hata koo langu, kwa kumwita huyo mpumbavu. Maziwa utapata. Mwachie."

Akautazama moshi wa nyumba yangu.

"Sitaki maziwa. Nataka kukaa na mtu. Miguu yangu ina baridi."

"Miguu ipi? Funua tuione."

Hakufunua. Alikaza mkono tu. Ciarag akapiga magoti, akaanza kukoroma, povu linamtoka.

"Haya, njoo," nikasema. "Lakini unaishia mlangoni. Ndani huingii."

Akaachia.

Tukarudi. Sikugeuka. Nyuma yangu, juu ya mawe... ko. Ko. Ko.

Ciarag hajapotea tena, na maziwa yamezidi. Asubuhi mlangoni pana alama za kwato. Mchungaji wa kanisa alipopita akacheka, akasema, "Mama Raonaid, huyo ni mbuzi wa porini."

Sawa, kasoma. Lakini mbuzi gani husubiri nizime taa, kisha akauliza polepole nyuma ya ubao wa mlango, "Jirani, umelala?"

Huwa namjibu, "Bado."

Juzi alichelewa.

Nililala macho nikisikiliza upepo. Upepo tu. Mwisho nikainuka, nikaondoa komeo, nikamwita.