Vidole Pembeni mwa Picha

Kila Jumanne na Alhamisi, baada ya somo la hesabu, Madamu Honorine aliegemeza tableti yake kwenye boksi la chaki, na wanafunzi wa darasa la sita wakasogeza madawati mbele wakigombania nafasi. Shule yao ya Kasenga haikuwa na rangi wala vitabu vya sanaa. Kwa hiyo Madamu alikwenda mahali penye mtandao mzuri, akapakua picha na michoro kutoka makumbusho ya nchi za mbali, kisha akawaletea.

"Msiniambie kama ni nzuri," alizoea kusema. "Niambieni mnaona nini. Mwanga unatoka wapi? Nani anamtazama nani? Na aliyepiga picha ameacha nini nje?"

Ornella, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kila mara. Lakini mwezi ule Madamu alichagua mchoro wa Laure, mwanafunzi mwenzao, kuuweka kwenye ukurasa wa mtandao ambako shule mbalimbali huonyesha kazi za watoto. "Laure ana macho," alisema. Ornella alipiga makofi pamoja na wenzake, huku akimwonea wivu.

Kazi ya nyumbani ilikuwa hii: kupiga picha moja kwa simu, kuikata sehemu, na kueleza jinsi maana yake ilivyobadilika.

Jumamosi Ornella aliazima simu ya mama yake, wakaenda pamoja ufuoni kuanika ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa. Tangu maji yapande na kumeza nusu ya ufuo, nafasi za kuanika zilikuwa chache, na kila mama alilinda yake. Siku hiyo wengi walikuwa matangani. Wakubwa waliobaki walikuwa wawili tu: mama yake Ornella na Mama Laure.

Saa saba wingu jeusi likatokea milimani. Pale ufuoni wana desturi yao: wingu likitokea, aliyepo hukusanya ndagala za asiyekuwepo, bila kusubiri ruhusa. Wale mama wawili wakakimbilia ndagala za Mama Asha, kiongozi wa waanikaji, wakazizoa kwa haraka pamoja na mchanga, wakizitia kwenye beseni moja. Ornella akawapiga picha. Mara upepo ukalisukuma wingu upande wa Burundi. Halikuanguka hata tone moja. Wakazitandaza tena zile ndagala, wakarudi nyumbani.

Ornella aliketi kizingitini, akaanza kazi yake. Alikata juu, wingu likatoka. Alikata pembeni, mama yake akatoka. Akabaki Mama Laure peke yake, ameinama juu ya beseni, mikono imejaa ndagala za mwenzake, shingo ameigeuza nyuma kama mtu anayeogopa kuonekana. Ornella akatabasamu. Alipomkuta Asha, mwanafunzi mwenzake, kwenye bomba la maji, akamwonyesha.

"Heee! Mama ya Laure iko mwizi?" Asha alishangaa. "Tuma kwa telefone ya dada yangu!"

Ornella angeweza kusema kwamba ilikuwa kazi ya shule tu. Hakusema. Akaituma.

Mama Asha alikuwa ametoka kukuta ndagala zake zimejaa mchanga. Alipoiona picha, hakuuliza swali. Jumatatu alfajiri waanikaji walimzunguka Mama Laure, wakachukua ndagala zake zote za wiki nzima, wakazimwaga kwenye matope na kuzikanyaga kwa miguu.

"Minye siko mwizi!" Mama Laure alilia. "Wingu lilikuwa linakuja!"

"Wingu gani? Muliona mvua hapa Jumamosi?" Mama Asha aliuliza, na wenzake wakacheka.

Mama Laure akageuka. "Mama Ornella, sema weye! Tulikuwa pamoja!"

Ornella alisimama nyuma ya mama yake, ameshika beseni. Alimwona mama yake akitazama ile nafasi ya Mama Laure, pale juu, karibu na barabara, ambapo maji hayafiki. Kisha akamsikia akisema, "Minye nilikuwa nimeisha kwenda nyumbani."

Siku hiyohiyo Mama Laure alifukuzwa ufuoni, na mama yake Ornella akapewa nafasi ile.

Darasani watoto hawakuwa na huruma zaidi ya wakubwa. "Laure, ficha mikono! Ndagala zinakuogopa!" Mtu fulani alimwekea kichwa cha samaki aliyeoza ndani ya mfuko wake wa shule. Patient, aliyeketi naye dawati moja, akahama akiziba pua. Kufikia Jumatano Laure hakuja tena. Wenzake walimwona mtoni akiponda mawe pamoja na mama yake, vidole vimefungwa vitambaa.

Alhamisi Madamu Honorine aliegemeza tableti yake kama kawaida. Picha iliyotokea ilikuwa ile ya Mama Laure, ambayo sasa ilikuwa imezunguka simu za mtaa mzima na kumfikia Madamu pia.

"Mwizi! Mwizi!" darasa likapiga kelele.

"Sikuuliza yeye ni nani. Nimeuliza mnaona nini."

Patient akasogea karibu. "Madamu, banasema ilikuwa saa saba na jua linawaka. Lakini hana kivuli."

"Endelea."

"Na kitenge chake kimejaa upepo."

Asha alikuwa amekunja uso, pua yake karibu iguse kioo. "Pale pembeni kuna vidole," alisema polepole. "Vya mutu mwingine. Vimeshika beseni ileile."

"Kwa hiyo hakuwa peke yake," alisema Madamu. "Na anachotazama kule nyuma yake, juu, kimekatwa. Nani ana picha nzima?"

Ornella aliinamisha kichwa, akajaribu kusali moyoni. Alianza Baba Yetu, akafika kwenye kuomba msamaha, maneno yakakwama. Akaanza tena, yakakwama palepale. Wenzake walipotoka, yeye alibaki amekaa.

"Madamu, minye ndiye niliyekata."

"Na vidole ni vya nani?"

"Vya mama yangu."

Madamu Honorine akavuta kiti, akaketi. "Unajua nyumbani kwenu itakuwaje?"

"Ninajua."

"Basi utasema kwa mdomo wako. Nitasimama karibu nawe, lakini sitasema badala yako."

Jioni ile, ufuoni, mbele ya waanikaji, Ornella alisema. Alisema yote, kisha simu yenye picha nzima ikapita mkono kwa mkono. Wingu lilikuwepo, jeusi, limefunika nusu ya picha. Mama yake pia alikuwepo, ameinama juu ya ndagala za Mama Asha sawasawa na mwenzake.

"Mama Ornella," Mama Asha alisema, "ulituambia ulikuwa nyumbani."

Mama Ornella akaweka beseni chini. Alimtazama binti yake. "Umenivua nguo mbele ya bantu," alisema taratibu. "Minye niliyekuzaa." Akakusanya ndagala zake kutoka nafasi ile ya juu, akaondoka bila kumsubiri. Siku nne hakumsemesha Ornella hata neno moja.

Waanikaji walikwenda mtoni kumchukua Mama Laure. Kila mmoja alimpa bakuli la ndagala kulipa zile walizozikanyaga, na Mama Asha akampigia magoti mbele ya watu. Mama Laure aliwapokea, lakini uso wake haukulainika. Ornella aliposogea kuomba msamaha, mama huyo alimwonyesha mikono yake iliyochubuka.

"Nimekusamehe, kwa sababu ninasali na ninataka Mungu anisikie," alisema. "Lakini bado banaficha masahani nikipita. Hilo huwezi kulifuta kwenye telefone."

Wiki iliyofuata Laure alirudi shuleni. Hakumsalimu Ornella. Asha na Patient walimwomba msamaha, akaitikia kwa kichwa tu.

Madamu Honorine alimpa Ornella kazi. Kila siku baada ya masomo alipaswa kwenda nyumba kwa nyumba kwa watu waliopokea ile picha, awaonyeshe nzima na kueleza alichofanya. Wengine walimfukuza. Mmoja, aliyekuwa akila, alimwambia anamharibia chakula. Mama yake alipoanza tena kusema naye, alimwuliza jambo moja tu: nyumba ngapi zimebaki? Kisha akajifunga kitenge, akaenda naye hadi ya mwisho.

Ornella aliporudi kumwambia Madamu kwamba amemaliza, alikuwa analia kwa uchovu.

"Sikuwafundisha kukata picha ili muwe wajanja," Madamu alimwambia, akimpangusa uso kwa ncha ya kitenge chake. "Niliwafundisha ili siku mtu atakapowaletea mwenzenu amekatwa hivyo, mkatae kumhukumu mpaka muone yote. Na aliyeshika mkasi ajue kwamba anakata maisha ya mtu. Ukiona kwa jicho lako, useme ulichoona chote, hata kama kinamgusa mama yako, hata kama kinakugusa wewe. Sasa nenda ule, mwanangu. Kesho tuna somo."