Vigingi vya Kuelekea Sekondari

Josia alilala kifudifudi kando ya kigingi, nje kidogo ya mji wa Bariadi, kisogo kimepondwa. Alikuwa ofisa mipango wa usafiri wa halmashauri. Tangu Jumatatu alikuwa akipima kipande kipya cha njia ya baiskeli, kutoka kiwanda cha kuchambua pamba hadi sekondari. Baiskeli yake ilisimama kwenye stendi yake, kama inayomsubiri amalize usingizi.

Inspekta Eufrasia alichutama. Damu ilikuwa imekauka. Nyundo ya kupigilia vigingi haikuwepo.

"Jilala tumeshamweka lokapu," alisema Koplo Maganga. "Kibanda chake kinabomolewa kupisha njia. Juzi alitamka mbele za watu kwamba atamzika Josia. Mkuu anataka saa nane awe mahakamani."

"Kumbe leo tunanyonga kwanza, halafu ndiyo tunakula."

Eufrasia alifuata ua wa manyara uliotenga shamba na njia. Hatua kama kumi hivi, matawi yalikuwa yamevunjwa, utomvu mweupe umeganda. Akavaa glavu, akapenyeza mkono. Nyundo ilikuwa humo, mpini umetapakaa utomvu na damu.

"Ikachukuliwe alama za vidole. Na usijipanguse macho."

"Afande, mimi mzaliwa wa Ipililo! Kwetu hata anayetambaa anajua utomvu wa manyara hupofusha."

Eufrasia alikuwa amesharudi kwenye kigingi. Alikuwa ameinamia baiskeli. Tairi la nyuma lilikuwa na kiraka kipya, solusheni bado inanuka.

"Nani anaziba pancha huku?"

"Masalu, pale kiwandani. Swahiba wake Josia. Ndiye yule aliyefiwa na binti, Minza, aliyegongwa na lori akienda shule."

Walimkuta Masalu mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, anakaza spoku kwa kupapasa. Macho yake yalikuwa yamevimba, mekundu kama nyama ya buchani.

"Mwangaluka, baba," Eufrasia alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," aliitikia, akimwita mama.

"Hayo macho?"

"Mdudu."

"Mdudu mmoja, macho mawili? Huyo alikuwa na bidii ya kazi."

Masalu alipapasa spoku nyingine, akaikaza.

"Jana ulimzibia Josia pancha?"

"Nilimzibia."

"Halafu?"

"Akaenda zake."

"Peke yake?"

Gurudumu lilizunguka, likasimama.

Eufrasia akavuta kigoda, akaketi. "Baba Minza, mtu wa hapa akishika manyara hagusi macho. Labda awe analia mpaka amesahau mikono yake. Jilala yuko ndani, ana watoto wanne. Saa nane anasomewa shtaka la mauaji. Mpini wa nyundo utasema, lakini utachelewa."

Masalu aliweka spana chini.

"Jilala hajui kitu. Mwacheni."

"Hulazimishwi kusema. Utakalosema litaandikwa."

"Liandikwe." Akaisukuma baiskeli kando. "Josia aliniomba nimsindikize kwenye vigingi. Nikamuuliza, mbona mnapima sasa, mtoto ameshazikwa? Akasema njia ilipangwa kufika sekondari tangu mwanzo, tangu mwaka juzi. Ila ofisini walitaka idadi ya baiskeli. Akaja kuhesabu wiki nzima, mwezi wa sita. Akapata tatu. Kipande cha shule kikakatwa, njia ikaishia hapa kiwandani."

"Mwezi wa sita shule si huwa zimefungwa?" Maganga aliropoka.

"Ndilo alilokuja kuniambia. Kwamba alisahau. Kwamba nimsamehe."

"Nawe?"

"Nyundo ilikuwa karibu." Alishika ukingo wa gurudumu. "Alipoanguka ndipo nikakumbuka kwamba ni yeye aliyembeba Minza kumtoa barabarani, shati lote damu. Nikalia. Nikaichomeka nyundo kwenye manyara, nikafuta machozi."

"Angeweza kunyamaza," Eufrasia alisema taratibu. "Hakuna aliyekuwa akimshuku. Alikuja mwenyewe."

"Angenyamaza, tungekuwa tunakunywa chai sasa hivi."

Maganga aliacha kuandika. "Sasa ukweli wake ndio uliomuua?"

Masalu alimgeuzia macho yasiyoona vizuri, kisha akaigeukia sauti ya mwanamke.

"Miezi mitatu niliambiwa ni mapenzi ya Mungu. Mchungaji alisema, wazee wakasema. Niligombana na Mungu usiku na mchana, mayu, mpaka nikachoka, nikamsamehe. Nikaanza hata kula. Josia akaja akaniambia hakuwa Yeye."