Luqman Aliomba Mwenyewe Kubaki

"Lakini kazi iliisha mwezi wa tatu, dada. Sisi wote tulirudi."

Vidole vya Tabia vilisimama katikati ya nywele. Angélique, Mkongomani aliyekuwa akisukwa pale saluni Kensington, Joburg, alikuwa amekwenda Ufilipino kundi moja na Luqman, mume wa Tabia, kufundisha kwa kujitolea. Ndiyo kwanza wanaonana.

"Luqman aliniambia wamemwongezea miezi sita," Tabia alisema. "Kwamba wamekataa kumwachia."

"Eish! Nani akatae? Yeye mwenyewe aliomba abakie. Mi nilikuwa pale." Angélique alimtazama kwenye kioo. "Samahani, mama. Nilizani unajua."

Tabia alimaliza kusuka. Hakulia, alikuwa amechoka mno hata kulia. Miezi tisa sasa alikuwa akisimama saluni kutwa, kisha akirudi nyumbani Bertrams kumgeuza, kumwogesha na kumlisha mama mkwe wake, Bi Zubeda, aliyepooza upande mmoja mwezi mmoja tu baada ya Luqman kuondoka.

Saa saba mchana alitoka nje, akakalia kreti la soda, akapiga simu. Kule ilikuwa jioni tayari.

"Mke wangu! Leo mvua imeninyeshea njia nzima, breki za baiskeli hazishiki, nimeingia na matope darasani watoto wakacheka mpaka—"

"Luqman, leo nimemsuka Angélique."

Kwa mbali watoto walimwita mwalimu wao, "Ser! Ser Luqman!"

"Tabia, nisikilize."

"Nimekusikiliza miezi kumi. Mashamba ya mpunga, shule mbili, kilomita kumi na mbili kwa baiskeli. Sema lingine."

"Huku naitwa mwalimu. Nikipita, mtu mzima anaacha jembe anisalimie. Hapo Joburg, na digrii yangu, nilikuwa naelekeza magari yaegeshwe, mtu ananirushia sarafu bila kunitazama usoni. Nikifikiria kurudi, naahirisha."

"Na mama yako je?"

"Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu kabisa. Niliogopa kumwona vile. Nikajiambia, Tabia yupo."

"Tabia yupo," alirudia taratibu. "Na Tabia ana nani?"

"Bado unanipenda?" Luqman akauliza.

"Sijui. Nimechoka, Luqman. Nimechoka hadi sijui napenda nini. Ukitaka kukaa huko, kaa, ila nipe talaka yangu nijue moja. Mama nitamtafutia pa kukaa kwanza, simtupi."

Akakata simu. Mteja mwingine alikuwa anasubiri.

Kesho yake ujumbe ukaingia: "Nawamalizia watoto mitihani, wiki mbili. Narudi. Tafadhali usimwambie mama nilidanganya."

Akajibu: "Utamwambia mwenyewe."

Luqman alifika Jumamosi mchana, amekonda, jua limemchoma. Tabia hakumkumbatia. Alimpisha tu mlangoni, akamwona akipiga magoti kando ya kitanda cha mama yake.

"Mama, kazi iliisha zamani. Nilibaki kwa hiari yangu. Nilimdanganya Tabia, na wewe nikakudanganya."

Bi Zubeda alimwelekezea Tabia macho. Ulimi wake ulikuwa mzito.

"Muombe radhi... yeye. Mimi ni mama, nitasamehe tu. Yeye... halazimiki."

Luqman aligeuka, machozi yakimtoka. "Tabia, sina cha kujitetea. Nitatafuta wanafunzi wa kufundisha, nikiwakosa narudi kwenye magari. Mama ni kazi yangu kuanzia leo. Nisamehe."

Tabia alitaka kusema mengi. Alikuwa ameyapanga wiki mbili nzima, na sasa hakuwa na nguvu ya hata moja.

"Dawa yake saa kumi. Mgeuze kila baada ya saa mbili. Uji usiwe wa moto."

"Na sisi?"

"Nikiamka tutazungumza."

Akaingia chumba cha pili, akajitupa kitandani na viatu vyake. Ng'ambo ya ukuta alimsikia Luqman akiuliza kwa sauti ya woga, "Mama, nikushike wapi?"

Hakusikia jibu. Usingizi ulikuwa umeshamchukua.