Prado ya Matanga

Prado nyeusi ilikata kona ya mtaa wa Barani kana kwamba haina breki.

Ndinda alikanyaga mafuta. Subaru ikanguruma. Kando yake Kambi, mshirika wake, alipakata bastola yake ya Glock bila kusema neno, na kwa kawaida ni mtu wa maneno mengi.

"Kituo, hapa Kusi Moja," Ndinda alisema redioni. "Anaelekea Shella."

"Mshikeni mzima," alijibu mkuu wao, Bi Fridah. "Unga wa yule mlanguzi Kombe unaondoka kabla ya Magharibi. Lazima aseme ulipo."

Ukuta wa Shella haukuyasikia maagizo hayo. Prado iliuvaa kwa pua, na Ndinda alipofika dereva wa Kombe alikuwa ameshakata roho.

Ndinda hakulaani. Machozi yalikuwa karibu mno. Juzi tu walikuwa wamemzika Lewa, mwenzao, aliyevamiwa na watu wa Kombe katika nyumba ya siri iliyojulikana na timu yao peke yake. Aliacha mtoto anayejifunza kutembea. Kuna mtu alimuuza.

"Basi tumekwisha," Kambi alisema. "Maiti haihojiwi."

"Gari linahojiwa."

Ndinda alitoa bisibisi, akang'oa skrini ya dashibodi, akavuta kisanduku kilichokaa nyuma yake. Wengi hukiita redio tu, wakidhani kazi yake ni muziki na ramani. Kumbe ndicho kimbelembele wa gari zima. Waya mbili zilizosokotwa hukiletea habari za kila mlango unaofunguliwa na kila gia inayotiwa. Antena hukiambia gari liko wapi. Simu iliyowahi kuunganishwa nacho kwa bluetooth hukitambua, nayo ikiingia tu garini hupokewa bila mwenyewe kuigusa. Na cha Prado hii kilikuwa kikiyatunza yote.

Ndinda alichomeka laptopu.

"Jana mchana, kwenye stoo ya mbao, gia ya kurudi nyuma. Mlango wa nyuma ukakaa wazi muda mrefu; walikuwa wakishusha mzigo." Akashika redio. "Kituo, nendeni Kibarani, Kilifi. Stoo ya mbao."

"Vijana wako karibu. Subiri."

Alisubiri, huku akiendelea kusoma. Akafika jioni ya kuamkia siku aliyouawa Lewa. Mlango wa kushoto ulifunguliwa. Mkanda ukafungwa. Simu ikajiunga.

Jina la simu: Kambi wa Ganze.

Alirudi nyuma zaidi. Simu hiyo iliunganishwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili, nje ya mochari.

"Ulilipanda lini gari hili, Kambi?"

Kambi alikaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Siku tulipomchukua mama. Kombe alitoa Prado ya kubebea jeneza, akatoa turubali na ng'ombe. Mama alikuwa mwanakwaya. Nikaunganisha simu, nyimbo zake zimsindikize hadi nyumbani. Sikukumbuka kuiondoa."

"Halafu akaja kudai."

"Hakudai. Aliniuliza tu Lewa analala wapi. Alisema atamtisha, basi. Mtu aliyekuzikia mamako, dada, utamjibuje?"

"Utamwambia hapana."

"Ofisi ilinipa kadi ya pole."

Ndinda alifunga laptopu. Alimpenda Kambi kama ndugu wa tumbo moja, na moyo ulimuuma kwelikweli.

Redio ikakoroma. "Kusi Moja, mzigo tumeupata wote. Kombe tumemtia pingu. Kambi yupo hapo nimpongeze?"

Kambi aliiweka Glock chini, akaisukuma mbali naye. Akanyoosha mikono.

"Yupo, Mkuu," Ndinda alisema. "Tuma gari la kumchukua."

Alimfunga pingu taratibu zisimbane. Wenzao walipofika, Kambi aliomba jambo moja.

"Mkewe Lewa asijue ni mimi. Ananiita shemeji."

"Ananingoja nyumbani kwake," Ndinda alisema. "Nilimwahidi jina."

Alivaa miwani ya jua, akaelekea kwenye Subaru kwa mwendo wake wa kawaida, na hakugeuka.