Kwa Nini Wanafungua Madirisha?

Leelo alishuka ngazi akiwa amevaa koti, skafu na soksi mbili mbili. Upepo wa Hsinchu ulimpokea mlangoni.

"Mrembo!" aliita Shangazi Hsiu-mei akiwa kwenye meko yake. "Leo nikupe nini? Chapati ya yai au mkate wa figili?"

"Vyote viwili, shangazi. Watoto wameamka na njaa."

Shangazi Hsiu-mei aliuza vyakula vya asubuhi chini ya jengo. Nyumba yake ilitazamana na ya Leelo, ghorofa ya nne. Yeye kila mwanamke alimwita mrembo, na kila mwanamume alimwita mtanashati. Mara ya kwanza kuitwa hivyo, Leelo alirudi nyumbani akajitazama kwenye kioo. Kesho yake alisikia bibi kizee asiye na meno akiitwa hivyo hivyo. Alicheka peke yake ngazini.

Leelo na mumewe Raivo walitoka Estonia, nchi ya theluji. Walikuja Taiwan mwezi wa nane kwa ajili ya kazi ya Raivo kiwandani. Watoto wao walikuwa wawili: Mirtel wa miaka minane na Joosep wa miaka mitatu. Leelo alikuwa amejifunza lugha ya huku kabla ya kuja. Aliongea kama mtoto, lakini alielewana na watu.

Mambo ndiyo hakuyaelewa. Siku zile za kwanza walikuta meza za vyakula nje ya milango. Joosep akachukua biskuti akala. Kumbe ile ilikuwa sadaka ya wafu! Leelo alitamani ardhi ipasuke aingie. Shangazi Hsiu-mei alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwache ale," alisema. "Wafu wa mtaa huu wameshiba."

Kuanzia siku hiyo Leelo alimpenda. Lakini aliona haya kumwuliza kila kitu. Mtu mzima atauliza maswali mangapi kwa siku?

Kisha baridi ikaja. Haikuwa baridi ya theluji, ila nyumba haikuwa na jiko wala kitu chochote cha kupasha joto. Upepo ulipiga mchana kutwa na usiku kucha. Na majirani walifanya jambo la ajabu. Walivaa makoti ndani ya nyumba, huku madirisha ya roshani zao yakiwa wazi!

"Raivo, hawa watu wana nini?" Leelo aliuliza. "Wanatetemeka, na dirisha liko wazi. Si walifunge?"

"Labda ni desturi," Raivo alijibu. "Waulize."

Leelo hakuuliza. Kwao, mama anayeacha upepo uingie ndani wakati wa baridi husemwa kijiji kizima. Bibi yake aliziba madirisha kila mwaka. Alijaza pamba kwenye nyufa, akabandika karatasi juu yake. Leelo naye alinunua selotepu na nailoni nene. Aliziba roshani ya nyuma yote, pale wanapoanika nguo. Hata tundu la kidole hakuliacha.

Kwenye ukuta wa roshani hiyo ilining'inia hita ya gesi ya kuchemshia maji ya kuogea. Leelo aliipita akianika nguo. Hakuitazama mara mbili.

Jioni ile nyumba ilikuwa na joto. Leelo alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. Kwa mara ya kwanza tangu waje, alijiona yuko nyumbani.

Wiki iliyofuata maumivu ya kichwa yakaanza. Yalikuja jioni. Asubuhi, wakitoka nje, yaliondoka. Joosep alikuwa mlegevu, analala kabla ya chakula. Mirtel alitapika baada ya kuoga. Leelo akampeleka kwa daktari mchana. Mchana Mirtel hakuwa na kitu! Aliruka ruka mbele ya daktari, akaomba peremende.

Leelo alichanganyikiwa. Ni maji? Ni hali ya hewa? Mama yake alimpigia simu kutoka Estonia.

"Huo ni upweke, mwanangu," alisema. "Upweke huumiza kichwa. Rudini nyumbani."

"Tumekaa miezi mitano tu, mama."

"Mnasubiri mtoto aumwe zaidi?"

Usiku huo Leelo na Raivo walikubaliana. Mirtel asipopona kufikia mwisho wa mwezi, wanafunga mizigo.

Kisha wazo baya likamjia Leelo. Kila asubuhi wanakula nini? Chakula cha Shangazi Hsiu-mei. Je, mafuta yake ni safi? Alijichukia kwa kufikiri hivyo, lakini mtoto ni mtoto. Akaanza kupita mlango wa nyuma wa jengo.

Shangazi akambamba siku ya tatu.

"Mrembo! Umenisusia? Nimekukosea nini?"

"Hapana, shangazi. Siku hizi tunapika wenyewe."

"Mnapika wenyewe," alirudia Shangazi Hsiu-mei polepole. Hakumwita mrembo tena. Leelo aliondoka na aibu yake.

Siku mbili baadaye, saa kumi na mbili jioni, Raivo alikuwa bado kazini. Joosep alilala kwenye kochi. Mirtel alikuwa bafuni. Dirisha dogo la bafu lilifunguka kwenye ile roshani iliyozibwa. Hita ilinguruma.

Leelo alichukua taulo ampelekee binti yake. Alifika katikati ya ukumbi akasimama. Taulo hili la nani? Nilikuwa naenda wapi? Kichwa kilimgonga. Alitaka kukaa chini kidogo tu.

Mlango uligongwa. Leelo aliusikia kwa mbali, akajikokota, akafungua.

Shangazi Hsiu-mei alisimama pale na sufuria ya supu ya tambi za mchele.

"Mimi siwezi kulala na kinyongo," alianza. "Kama nimekosa, niambie..." Alimtazama Leelo usoni. Akasikia hita inavyonguruma. Akaona nailoni na selotepu kule roshani.

Sufuria ilianguka, supu ikamwagika sakafuni.

"Nani anaoga?"

"Mirtel," alisema Leelo. Ulimi ulikuwa mzito.

"Toka nje! Toka sasa hivi!" Alimsukuma Leelo kwenye ngazi, akamnyakua Joosep, akampakatisha mama yake. "Mzee! Mzee, njoo haraka!"

Mumewe alitoka na kandambili. Walibana pumzi wakaingia. Mzee alichana nailoni, akafungua madirisha, akazima gesi. Shangazi alitoka bafuni akiwa amembeba Mirtel ndani ya taulo. Kichwa cha mtoto kilining'inia.

"Mirtel!" Leelo alipiga yowe. "Mirtel, niangalie!"

Mirtel hakuangalia. Mzee alipiga simu ya dharura. Kwenye ngazi zile zenye upepo Leelo alimkumbatia binti yake akalia kwa sauti. Kila pumzi ya mtoto ilikuwa fupi, naye aliisubiri inayofuata.

Hospitali walimvisha Mirtel kifaa cha hewa safi ya oksijeni. Leelo na Joosep nao wakavishwa. Raivo alikuta familia yake yote imelala vitandani, akavuta kiti akakaa katikati yao. Baadaye sana Mirtel alifumbua macho.

"Mama," alinong'ona, "nimeacha maji wazi?"

Leelo alicheka na kulia kwa pamoja.

Shangazi Hsiu-mei alikaa karibu na kitanda.

"Sikiliza," alisema. "Gesi ikiungua mahali pasipo na hewa, inatoa hewa ya sumu. Haina harufu, haina rangi. Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, unasinzia. Ukitoka nje unapata nafuu, unadhani umepona. Ndiyo maana roshani hatuifungi, hata tukiganda."

"Kwetu ipo sumu hiyo!" alisema Leelo, akaketi. "Inatoka kwenye majiko ya kuni. Bibi alinikataza kufunga bomba la moshi kabla makaa hayajazima. Nilijua, shangazi! Ila sikuona jiko, nikadhani hakuna hatari."

"Jiko lilikuwa ukutani, linachemsha maji."

Leelo aliinamisha kichwa. "Na mimi nilidhani ni mkate wako wa figili."

"Mkate wangu?" Shangazi alisimama. "Mkate wangu umelea mtaa mzima! Ndiyo maana ulinikimbia?" Uso wake ulikunjamana, na kwa muda Leelo aliogopa kwamba amempoteza. Kisha mama yule akashusha pumzi. "Utakula vipande vitano mbele yangu. Hiyo ndiyo adhabu yako. Na siku nyingine usipoelewa, uliza. Kuuliza si ujinga, mrembo."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji alikuja, mgeni akapona.

Kesho yake Raivo alibandua selotepu yote. Mwenye nyumba aliita fundi wa gesi mwenye leseni. Hita ilihamishwa ikafungwa ukuta wa nje kabisa, kwenye hewa. Ukumbini wakaweka kengele ndogo inayolia hewa ya sumu ikiingia. Na Leelo akaweka sheria ya nyumba: anayeoga aimbe. Sauti ikikatika, mtu agonge mlango. Vichwa havikuuma tena, na habari ya kufunga mizigo ikaisha.

Jumapili moja mama yake alipiga simu. Leelo alikuwa sebuleni, amevaa koti. Dirisha la roshani lilikuwa wazi na upepo ulipeperusha pazia. Bafuni Mirtel aliimba wimbo wa shule kwa sauti kali. Ng'ambo ya ukumbi wa ngazi, Shangazi Hsiu-mei alipaza sauti: "Mrembo mdogo, masikio yangu!"

"Leelo," mama yake aliuliza, "mbona nasikia upepo humo ndani? Ziba dirisha, mwanangu!"

Leelo alisikiliza kwanza kule bafuni. Mirtel alikuwa amefika ubeti wa pili.

"Sizibi, mama," alisema. "Hapa nyumbani kwetu hatuzibi."